Nyumba Iliyovuliwa Kofia

Paukwa!
— Pakawa!
Paukwa nyumba!
— Pakawa jirani!

Hapo kale, si kale sana, mabati yalikuwapo, aliishi mjane Bi Mkasi na mwanawe Shomari. Shomari alikuwa fundi wa kubomoa. Nyumba kuukuu kwake ni nyundo tu: puu! puu! puu! Kisha kifusi chote bondeni. Watu wa hivyo mnawajua, msinitazame mimi.

Siku moja akaja kwa mamake na nyundo begani.

"Shikamoo mama. Nyumba hii imechoka. Nakujengea mpya."

"Marahaba mwanangu. Na hii je?"

"Bondeni."

Bi Mkasi moyo ukamuuma. Boriti zile mumewe alizikata mwenyewe, mlango ule aliuchonga mwenyewe. Vikitupwa bondeni, ni kumzika mara ya pili. Lakini hakulia. Alijua mwanawe haogopi machozi, anaogopa mila.

"Umesahau mila? Nyumba ya marehemu haibomolewi. Huvuliwa, taratibu, kama marehemu mwenyewe. Ukiipiga nyundo, umempiga baba yako."

Shomari akaiweka nyundo chini.

Akapanda kuezua mabati. "Polepole, mwanangu, hiyo ni kofia yake." Akang'oa msumari mmojammoja, bati lisichanike.

Akashika mlango. "Polepole, mwanangu, hiyo ni kanzu yake." Akauteremsha kama anayebeba mgonjwa.

Akafika kwenye boriti. "Polepole, mwanangu, hiyo ndiyo mikono yake."

Hapo Shomari akaikumbatia boriti, akalia. Tangu wamzike babake hakuwa amemlilia, jamani.

Alipotulia akauliza, "Sasa, mama?"

"Nguo za marehemu hufanywa nini?"

"Hugawiwa."

"Basi gawa."

Mabati akapewa jirani yao Tatu, ambaye mvua ilimvunjia nyumba, akawa analala na wanawe kwenye banda la mbuzi. Mlango akapewa mzee Kombo, aliyekuwa akijifungia kwa gunia. Boriti na mawe vikajenga nyumba mpya ya mama. Bondeni hakikwenda kitu. Wahenga walisema kufa kufaana.

Nyumba ilipokwisha, Shomari akauliza, "Mama, mila ile sikuwahi kuisikia. Ni ya nani?"

"Yangu. Niliitunga uliposema bondeni."

Shomari alicheka mpaka akakaa chini.

Kesho yake akaitwa kijiji cha pili, kuna nyumba ya kubomoa. Akafika, akawaambia wenyewe, "Ngojeni kwanza. Kwetu tuna mila."

Ngano yangu nimeitua. Ikiwakolea, tuile sote. Ikiwachachia, niachieni peke yangu.