Macho ya Dereva wa Kwaya

Soma hadi mwisho, kisha mtumie yule unayempenda lakini unaogopa kumwambia jambo.

Katika usharika mmoja wa milimani alikuwako dereva aitwaye Lwitiko. Ndiye aliyeendesha lori dogo la kanisa miaka yote. Alibeba kwaya, alibeba wagonjwa, alibeba hata majeneza, na watu walimpenda. Lakini hakuna aliyempenda kama Ambakisye, mzee wa kanisa, rafiki yake tangu walipokuwa darasa moja la kipaimara.

Siku moja baada ya Pasaka, Ambakisye alikuwa amekaa naye mbele garini. Ng'ombe alikuwa amesimama katikati ya barabara, mchana kweupe, na Lwitiko hakupunguza mwendo. Ambakisye alipiga ukelele. Lori likasimama karibu kabisa na pembe za mnyama.

"Nilikuwa nawaza mambo ya shamba," Lwitiko alisema, akacheka.

Ambakisye naye akacheka, ila moyoni alishajua kwamba rafiki yake haoni vizuri. Tangu hapo akawa anamchunguza. Alimsikia akimsalimia shemasi kwa jina la mtu mwingine. Alimwona kanisani ameshika kitabu cha nyimbo juu chini, anaimba kwa kichwa. Kila alipotaka kufungua kinywa, huruma ilimshika. Lile lori ndilo lilikuwa heshima ya Lwitiko.

"Mkristo hamvunji ndugu yake moyo," alijiambia, akanyamaza.

Miezi ikapita. Mzee mwingine wa kanisa, Asajile, mtu aliyejisifu kwamba yeye hazunguki mbuyu kwa neno lolote, naye akagundua. Hakumwita Lwitiko pembeni. Alisubiri wakati wa matangazo, akasimama mbele ya usharika mzima.

"Tumemkabidhi kipofu usukani," alisema. "Na mwenyewe anajua, kiburi tu kinamsumbua. Akija kuwaua watoto wenu, msiseme sikusema!"

Watu waliguna. Sekela, mke wa Lwitiko, alijifunika uso kwa kanga. Lwitiko akatoka nje. Jioni akaapa kwamba Jumapili ijayo ataipeleka kwaya tamashani ng'ambo ya mlima, Asajile aone nani kipofu.

Habari hiyo ilimnyima Ambakisye raha. Barabara ile ilikuwa na korongo upande mmoja na ukungu karibu kila asubuhi. Jumamosi akaenda kwa rafiki yake, akamkuta anaosha lori.

"Karibu, ndugu yangu. Umebaki peke yako upande wangu."

"Weka ndoo chini kwanza," Ambakisye alisema. "Huoni, Lwitiko. Kesho usiendeshe."

"Asajile amekutuma?"

"Hajanituma mtu. Alichosema ni kweli, ila alivyokisema amekukosea. Mimi nimekuja kwa sababu nakupenda."

Lwitiko aliiweka ndoo chini. Kisha akauliza, "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya yule ng'ombe."

"Kumbe! Ndiyo maana binti yako aliacha kupanda lori. Ulisema anaumwa kifua."

Ni kweli, siku hizi Ambakisye mwenyewe alikuwa akimpeleka bintiye kwenye kwaya kwa pikipiki.

"Asajile amenitukana," Lwitiko alisema polepole, "lakini angalau aliwafikiria watoto wa wenzake. Wewe ulimshusha wako, ukawaacha wangu humo humo. Binti zangu wanaimba kwaya ile, Ambakisye. Huo ndio upendo?"

Mzee wa kanisa akapiga magoti palepale kwenye matope.

"Sio upendo. Ulikuwa woga, nikaupa jina zuri. Nisamehe."

Lwitiko akageuka, akaanza kusugua tena mlango uliokwisha takata. Alipoongea, alikuwa analia.

"Naona kama moshi, ndugu yangu. Niliogopa kwamba nikisema, sitakuwa mtu tena."

"Utakuwa Lwitiko. Kesho nitasimama nawe kanisani, na Jumatatu tunakwenda hospitali pamoja."

Lwitiko akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo, akampa.

Kesho yake walisimama wote wawili. Lwitiko akasema la macho yake, Ambakisye akasema la binti yake bila kuficha kitu. Asajile aliinamisha kichwa, na baada ya ibada akamfuata Sekela na mumewe kuwaomba radhi. Kwaya ilikwenda na dereva wa kukodi.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, akapasuliwa. Bandeji ilipofunguliwa, wa kwanza kuonekana alikuwa Ambakisye, ameketi kando ya kitanda. Lwitiko akamtazama kwa muda mrefu.

"Loo!" akasema. "Ndugu yangu, umezeeka vibaya!"

Wakacheka mpaka muuguzi akaja kuwanyamazisha.

Funzo: Ukimpenda mtu, mwambie ukweli uso kwa uso, kisha usimwache peke yake nao. Ukweli unaosemwa bila upendo humfanya mtu aukimbie, na anayenyamaza kwa jina la upendo mara nyingi anajihurumia mwenyewe.