Zamu ya Uji

Wahenga waliposema kwamba mficha maradhi kilio humfichua, hawakuwa wakimcheka mgonjwa. Walikuwa wakimwonya yule anayemfunika mgonjwa shuka gubigubi akidhani ameufunika na ugonjwa wenyewe. Watu wa aina hiyo si wabaya. Wengi wao ni akina mama, na kinachowafanya wafiche ni mapenzi na woga. Domitila alikuwa mmoja wao.

Aliishi na binti yake Flaviana katika kijiji kimoja kilicho ndani kidogo ya barabara kuu, upande wa Kibaigwa. Mumewe, Damas, alikuwa kibarua Ihumwa na alirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Flaviana alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita katika shule ya msingi ya kijiji, na masomo yalimwingia kama maji kwenye mchanga. Shule haikuwa na ada. Mzazi alitoa debe la mahindi baada ya mavuno, na kwa debe hilo mtoto alikunywa uji kila saa nne asubuhi, hata katika miezi ile ya njaa ambayo ghala za wengi hubaki na panya tu. Domitila, ambaye yeye mwenyewe aliishia darasa la nne, alikuwa akiitazama sare ya mwanawe ikikauka juu ya paa la tembe na kujiambia kwamba huyu hatashika jembe la mkono mpaka uzeeni.

Lakini Flaviana alikuwa na kifafa.

Kilimwanza akiwa na miaka tisa, shambani, katikati ya karanga. Domitila alikitambua mara moja kwa kuwa alikwisha kukiona kwa kaka yake, Noeli. Noeli alianguka siku moja tu mbele ya darasa, na tangu siku hiyo hakuna mtoto aliyekubali kukaa naye dawati moja. Nyumbani alitengewa bakuli lake. Watu waliamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa, nawe umekwisha. Akaachishwa shule, akapelekwa kuchunga mbuzi peke yake, na jioni moja mbuzi walirudi bila yeye. Walimkuta amelala kifudifudi kwenye kidimbwi ambacho hata mwanambuzi angekivuka bila kulowa tumbo.

Basi Domitila aliapa kwamba la Flaviana halitajulikana. Zahanati ya kijiji ilikuwa karibu mno na nyumba yake, kiasi kwamba mtu akikohoa huku alisikika kule, lakini muuguzi wa pale, Frida, alikuwa mwenzake wa kwaya. Angeanzaje kumwambia? Kila mwezi, siku ya mnada, alijitwika kikapu cha karanga akaenda Kibaigwa, akauza kidogo ili asionekane mwongo, kisha akapita kituo cha afya kuchukua vidonge. Alivirudisha vimefungwa kwenye pindo la kitenge. Flaviana alikunywa kimoja kila usiku, na kwa miezi mingi hakuanguka hata mara moja.

Kilichomnyima Domitila amani zaidi ni zamu ya uji. Kila Ijumaa wasichana wa darasa la sita walimsaidia mpishi wa shule, mama Anastazia, kuteka maji, kuchochea kuni na kukoroga sufuria kubwa kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Moto ule wa mafiga matatu Domitila aliuota usiku. Hivyo kila Ijumaa alifika shuleni mapema, akajifunga kanga kiunoni na kudai kwamba anajitolea. Wazazi wenzake walimsifu. Walisema mama huyu anaipenda shule, achaguliwe kwenye kamati. Yeye alitabasamu, huku macho yake yakiwa kwenye miguu ya mwanawe na umbali wake kutoka kwenye makaa. Alikuwa akiogopa hata anapocheka.

Mwezi wa tatu mwaka huo vidonge viliisha siku mbili kabla ya mnada. Domitila alijua kwamba kwa Frida vilikuwepo. Alisimama mlangoni pake Jumanne jioni, akaitazama zahanati, akarudi ndani. "Ni siku mbili tu," alijiambia.

Alhamisi alfajiri, Domitila akiwa ameshajitwika kikapu, Flaviana alimwita.

"Mama, jana mstarini walitangaza. Kesho shule inatumika kwa mkutano, kwa hiyo zamu yetu imeletwa leo."

Domitila alikitua kikapu. Asipokwenda Kibaigwa, hakuna dawa. Akimzuia mtoto nyumbani, Mwalimu Debora atakuja kuuliza, maana mwalimu yule hakuacha mtoto apotee siku moja bila kumfuata kwao.

"Nenda shule," alisema hatimaye. "Lakini usikaribie jikoni. Omba kufagia darasa."

"Wakiniuliza kwa nini?"

"Sema kichwa kinakuuma."

"Mama, wenzangu watasema nadeka."

"Waseme! Maneno hayachomi, Flaviana. Mimi kabla ya saa nne nimesharudi."

Aliondoka kwa pikipiki. Kituo cha afya kilichelewa kufungua, na kilipofunguliwa foleni ilifika nje hadi chini ya dirisha. Domitila alihesabu watu waliomtangulia mpaka wakamchanganya. Saa tatu na robo vidonge vilikuwa mkononi mwake, na karanga zote zimo kikapuni, hakuuza hata kipimo kimoja. Alimhimiza mwendesha pikipiki mpaka kijana akakasirika.

"Mama, unataka tufike au unataka tufe?"

Kijiji kilipoonekana, Domitila aliutazama moshi wa jiko la shule. Ulipanda taratibu, umenyooka, kama moshi wa siku zote. Akaanza kupumua. Alishuka kwenye uzio wa minyaa, nyuma ya uwanja wa mpira, akachungulia.

Flaviana alikuwa ameshika mwiko. Wenzake walikuwa wamemwita mtoto wa mayai tangu asubuhi, na mtoto yeyote ana kikomo chake cha kuchekwa. Alikoroga mara moja, mara mbili. Kisha mkono ulisimama, kichwa kikageuka upande kama mtu aliyeitwa, na Domitila akajua kabla ya mtu mwingine yeyote pale.

Mtoto alianguka. Mkono wake wa kulia uliingia kati ya figa na figa.

Wasichana walipiga kelele wakatawanyika. "Msimguse! Ana povu! Msimguse!" Mama Anastazia alipiga hatua moja mbele, akaliona povu, akarudi hatua tatu, mikono kichwani. Uwanja mzima ulikuwa kati ya Domitila na mwanawe. Alipenya minyaa bila kuhisi ikimchana, akakimbia, lakini aliona wazi kwamba miguu yake haitafika kwa wakati. Kilichoweza kufika ni sauti. Na sauti ile ilikuwa na neno moja la kusema, neno alilolimeza kwa miaka mitatu.

"Mvuteni! Ni kifafa! Ni kifafa jamani, hakiambukizi! Anacho miaka mitatu, nalala naye kitanda kimoja, mmeniona mimi nikiugua? Mvuteni mwanangu!"

Kilio kile kilisikika madarasani. Kilisikika barabarani na kwenye zahanati. Mwalimu Debora alitoka mbio na chaki mkononi, akampita mama Anastazia, akamshika Flaviana kwapani na kumvuta nje ya moto. Alimlaza ubavu akakunja sweta yake na kumwekea chini ya kichwa, huku akiwafukuza watoto waliokuwa wakitazama. Domitila alipofika, alianguka magotini karibu na mwanawe, na harufu aliyoinusa hapo hakuisahau tena.

Frida aliusafisha mkono ule pale zahanati. Alipomaliza kuufunga bandeji, aliuliza dawa ya mtoto ni ipi na mara ya mwisho ameinywa lini. Domitila alifungua pindo la kitenge. Muuguzi aliviangalia vidonge, akafungua kabati lake, akatoa kopo lililojaa vidonge vile vile.

"Vipo hapa, dada. Vimekuwepo hapa siku zote."

Mwalimu Debora alikuwa amesimama mlangoni. Domitila alimgeukia, kwa kuwa mpaka dakika ile bado aliogopa jambo lile lile.

"Mwalimu, nakuomba, msimfukuze. Nitakuja kukaa naye darasani mwenyewe. Msimfanye kama kaka yangu."

Hasira na huruma vilikuwa vikigombana usoni pa mwalimu.

"Nani atamfukuza? Tunaye mwingine, mama. Daudi wa darasa la tatu. Mama yake alinong'ona nami siku ya kwanza ya shule. Hachoti maji kisimani, haendi jikoni, anakaa dawati la mbele, na wenzake tumewafundisha la kufanya akianguka. Wale wasichana wa darasa la sita sikuwafundisha kwa sababu sikujua kwamba wana mwenzao mwenye kifafa. Ungeniambia neno moja tu."

Domitila alilifunga upya pindo la kitenge. Alikuwa ameulinda moto ule kila Ijumaa kwa macho yake mawili, na kumbe shule nzima ingemlindia.

Flaviana alirudi darasani baada ya wiki sita. Hakuna aliyemtengea dawati. Wasichana wale wale waligombania kumbebea begi, na mama Anastazia alimletea uji wake mpaka mlangoni, akashindwa kumtazama machoni. Lakini vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikuwa vimejikunja na havikukubali kunyooka. Alianza kujifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Jioni alikaa nje ya tembe na daftari la mistari mipana la watoto wa darasa la kwanza, akichora a, akichora e, akifuta, akirudia.

"Mama, inafanana na a?" aliuliza.

"Inafanana, mwanangu," Domitila alijibu, akageuza uso ili mtoto asimwone. Alikuwa ameogopa maneno ya watu, na maneno hayo hayakuja. Kilichokuja ni moto, ambao hakuuogopa kiasi cha kumwambia mtu siri yake. Kweli, mficha maradhi, kilio humfichua.