Mafuta ya Jumatano

Ndugu zangu, leo sitapaza sauti. Nimechoka, na nikiwatazama naona nanyi mmechoka. Wiki nzima tumekuwa kwenye maandalizi, na jua hili halijatuonea huruma. Basi nisikilizeni kidogo, kuna habari ya pikipiki.

Walikuwapo ndugu wawili, mkubwa na mdogo, na mama yao mjane, mgonjwa wa sukari. Mama alikuwa na kidonda mguuni kisichopona, na kila Alhamisi ilimpasa kwenda kliniki kukisafisha, akapande kilima, akavuke mto. Yule mkubwa alikuwa na pikipiki. Alimpakia mama nyuma, wakafungana khanga kiunoni asije akaanguka, akaendesha polepole akikwepa mashimo. Alhamisi zote. Halafu Jumatano moja akaenda kulala, asiamke. Moyo tu, ndugu zangu.

Walipomaliza matanga, wazee wa ukoo wakagawa vitu vya marehemu. Koti likaenda kwa mjomba, pikipiki wakampa mdogo. Hawakuwa na maneno mengi. "Kazi yake unaijua," wakamwambia.

Akafanya nini yule mdogo? Akalia. Akasema, "Mimi ni nani hata nikalie kiti cha kaka?" Akaisukuma nyuma ya nyumba, akaifunika turubai. Na watu wakamsifu! Msicheke, hata ninyi mngemsifu. Walipita pale wakasema, huyu kijana anajua kuheshimu marehemu. Mwaka ukaisha, wa pili ukaingia. Panya wakala kiti, kuku akatagia chini ya injini, tairi zikaisha upepo.

Na mama je? Mama alikwenda kliniki kwa miguu, na fimbo yake. Akiweza. Asipoweza, Alhamisi inapita.

Mpaka siku alipoanguka njiani, wakamrudisha kwenye machela. Mganga wa kliniki akasema, "Huyu akikosa tena kusafishwa, mguu utakatwa." Ndipo mdogo akalikumbuka turubai.

Akamwita fundi nyumbani. Fundi akabadilisha tairi, akafunga betri mpya, akasugua plagi, akaitia cheni oili. Akapiga kiki. Kimya. Akapiga mpaka shati likalowa. Mwisho akafungua kifuniko cha tanki, akanusa, akakunja uso.

"Haya mafuta ya lini?"

"Ya kaka. Alijaza mwenyewe, jioni ile ya mwisho."

"Pole sana, ndugu yangu. Lakini yamekufa haya. Yananuka kama rangi ya milango. Tuyamwage, nisafishe na kabureta, itawaka sasa hivi."

"Tanki usiguse," akasema mdogo. "Nimebakiwa na nini kingine cha mkono wake? Tafuta ubovu mahali pengine."

Fundi angefanyaje? Mwenye mali kasema. Akatafuta mahali pengine. Jumatatu akafungua hiki, Jumanne akafungua kile, Jumatano akawa anachokonoa waya za taa, na ubovu anaujua uliko. Na kesho yake ni kliniki.

Jioni ile mama akatoka ndani akijikokota, akakaa juu ya kinu kilicholazwa.

"Mwanangu, unajua kaka yako alijaza mafuta ya nini?"

"Sijui, mama."

"Ilikuwa Jumatano. Alijaza ya kunipeleka mimi kesho yake."

Yule mdogo akakaa chini, pale pale kwenye matope. "Miaka miwili, mama! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unalia. Nikasema, mwache alie kwanza. Nikawa natembea."

Akayamwaga kwa mkono wake mwenyewe. Yalikuwa yameiva rangi kama chai isiyo na maziwa. Fundi akasafisha kabureta, wakatia mapya, na Alhamisi asubuhi pikipiki ikakohoa moshi, ikawaka, ikaondoka na mama nyuma, khanga kiunoni. Mguu ulipona, tumshukuru Mungu. Vidole viwili havikupona. Hivyo viliondoka na ile miaka miwili.

Sasa tuje kwetu. Leo ni mwaka mmoja tangu tumzike mama yetu Tupokigwe. Ni nani humu ndani hana kitenge chenye picha yake? Nawaona, mmependeza. Na mimi ninacho, nimekivaa chini ya joho hili. Kwaya tatu zimejiandaa, keki iko ofisini, mapambo tumefunga mpaka mikono ikauma. Sisemi ni vibaya. Yule kijana naye alimpenda kaka yake kweli kweli.

Lakini mnakumbuka mama Tupokigwe alikuwa anakwenda wapi kila Jumamosi na ndoo kichwani? Alikwenda kwa mzee Ambakisye, asiyeona, pale chini karibu na mto. Alimchotea maji ya wiki. Nani anamchotea sasa? Tusitazamane. Hata mimi mchungaji wenu sikuwahi kuuliza, mpaka jana nilipopita kumwalika kwenye sherehe yetu. Nikakuta pipa lake limekauka, lina majani. Nikamwambia, mzee, kesho tunamkumbuka mama. Akafurahi. Akanishika mkono, akaniuliza, "Mchungaji, nasikia mmemtia kwenye vitenge. Amefanana?"

Nilikuwa nimesimama pale mikono mitupu, ndugu zangu, na mto nausikia.

Basi sisi tumemfunika mama yetu turubai, turubai la maua, zuri. Tulifunue leo. Keki haitaharibika ikikaa saa mbili. Tukimaliza sala hii, kwaya zitaimba njiani, tunateremka wote mtoni. Ndoo nimezipanga hapo mlangoni, na ile ya kijani ni yangu.