Vijiti Sita vya Mzee Khamisi

Gogo kubwa halimalizwi na mwenye shoka kali, bali na asiyechoka kulibandua. Asiyeamini na asikilize yaliyotokea Kondoa.

Zama hizo za Mjerumani, reli ikiwa bado inatambaa kuelekea Dodoma, Mzee Khamisi alikuwa mfanyabiashara wa chumvi aliyezeeka na misafara. Alipenda hesabu kuliko kahawa. Binti yake, Arafa, aliposwa na wawili: Abbasi, muuza nguo mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa mdomo, na Mrisho, mchonga mizinga ya nyuki. Moyo wa Arafa ulikuwa kwa Mrisho, na wala hakuuficha. Aliyebaki kuridhika ni baba mtu.

Mzee akawaita wote wawili uani, akachora mchangani moja sita zilizosimama kama vijiti: laki moja, elfu kumi na moja, mia moja na kumi na moja.

"Ivunjeni namba hii," akasema, "mpaka vibaki vipande visivyogawika tena. Sitaki mkwe anayeacha kazi katikati."

Akawapa mpaka Ijumaa baada ya swala. Atakayeshinda ndiye atakayeoa.

Maskini Mrisho! Alidhani namba lazima aione kwa macho. Akamwaga mtama uani kwao ili aupange safu zinazolingana, punje kwa punje, na alipokwenda kunywa maji kuku wakaila hesabu yote. Mama yake, Bi Mwanamvua, alicheka hadi akakaa chini. Mrisho hakucheka hata kidogo, kwani alikwisha kumwona Arafa akiolewa na mwingine.

Arafa alikuwa akipita na mtungi wake. Aliposikia habari ya kuku, akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na kejeli.

"Kwani mzinga unauchonga kwa kulikodolea macho gogo?" akauliza, kisha akaenda zake.

Basi Mrisho akaokota kijiti, akaanza kuibandua namba mchangani. Kwa mbili ilikataa. Kwa tatu ilikubali, ikabaki elfu thelathini na saba na thelathini na saba. Akaigawa kwa saba, ikabaki elfu tano mia mbili tisini na moja. Akaigawa kwa kumi na moja, ikabaki mia nne themanini na moja. Hapo ikagoma. Alirudia tatu, akarudia saba, akarudia kumi na moja, wapi! Akatupa kijiti kwa hasira. Baadaye akakumbuka kwamba hata mkuyu huwa na fundo, na fundo halijawahi kumzuia kumaliza mzinga. Akakiokota tena.

Ijumaa ilipofika, Abbasi alikuja na kanzu mpya. Shangazi zake walikwisha kuchambua mchele wa pilau. Akasema bila kupumua kwamba vipande ni tatu, saba, kumi na moja, na mia nne themanini na moja, ambayo ni namba tasa, haizai kitu. Alikuwa amefika hapo siku ya kwanza kabla ya chakula cha mchana, akajilalia.

Mzee akamgeukia Mrisho.

"Na mimi nilikwama papo hapo, mzee," Mrisho akasema. "Ila nikaongeza pigo moja. Kumi na tatu mara thelathini na saba."

Mzee Khamisi akainama mchangani. Akavizidisha vile vipande kimoja baada ya kingine, kwa taratibu iliyomtoa Mrisho jasho, mpaka vijiti sita vikasimama upya mbele yao. Akajaribu kuivunja thelathini na saba, ikamshinda.

"Usiniite mzee tena," akasema. "Niite baba."

Nyuma ya mlango Arafa alipiga kigelegele kabla hata ya wanawake wenziwe kuelewa kuna nini. Mchele wa shangazi zake Abbasi haukuharibika. Ulipikiwa harusi ile, na Abbasi mwenyewe, asiye na kinyongo, alikula sahani mbili. Alipokuwa akinawa mikono, Mrisho alimnong'oneza kilichomponza: bandu bandu huisha gogo.