Kinyonga Amuaga Giaboksi

— Jamani, masikio mnayo?

— Tunayo!

— Na yaliyoziba?

— Tumeyazibua!

— Basi Mwenyezi Mungu anisamehe nikitia chumvi, maana mkono wangu ni mzito, najijua.

Hapo kale, lakini si kale sana, wanyama walipokwisha kujua kuendesha magari na kabla hawajajua kuyatengeneza, alikuwepo Kinyonga. Mwendo wake mnaujua. Anapiga hatua moja, anafikiri. Anapiga ya pili, anaijutia ya kwanza. Mama yake alipofariki kule Kilima cha Mikakaya, Kinyonga alitoka siku ile ile kwa miguu, akafika siku ya tisa. Waliozika wamekwisha rudi makwao, kaburi limeanza kuota nyasi. Alilia mpaka akageuka rangi ambayo hata yeye hakuijua.

Ndipo akanunua gari. Gari dogo, kuukuu, la kubadili gia lenyewe. Akaapa: mazishi ya mama yalinipita, arobaini yake hainipiti.

Siku ya arobaini ikafika. Dua inasomwa baada ya adhuhuri. Na asubuhi hiyo gari liko wapi? Liko gereji kwa Bwana Kiboko, kando ya mto.

Bwana Kiboko alikuwa fundi mkubwa. Mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti, mkubwa wa tamaa. Wiki moja nyuma Kinyonga alimpelekea gari abadilishe oili tu. Likatoka na oili mpya na ugonjwa mpya. Mshale wa spidi ukalala kwenye sifuri. Siku ya kwanza Kinyonga hakushtuka. Kwake yeye sifuri si mwendo wa ajabu. Lakini gia nazo zikagoma. Gari likang'ang'ania gia moja, likanguruma nguuuu, na kilima halikipandi.

Kiboko akachomeka mashine ya kusoma makosa. Ti-ti-ti! Mashine ikaandika: sensa ya spidi. Kiboko akafunga sensa mpya. Mshale haukuinuka.

"Basi ni giaboksi," Kiboko akasema, anafuta mikono tumboni. "Imekufa, ndugu yangu. Pole sana."

"Imekufa?"

"Kufa kabisa! Lakini usihangaike. Hiyo maiti niachie mimi, nitaitupa mwenyewe. Nitakutafutia nyingine, mwezi ujao."

"Dua ni leo, fundi."

"Tanguliza salamu."

Sasa Mungu alimpa Kinyonga macho mawili yasiyofuatana. Jicho moja likabaki kwa Kiboko: anacheka huku ameinamia chini. Jicho la pili likazunguka nyuma ya gereji. Likaona nini? Likaona gari la Kiboko mwenyewe, la aina ile ile, limepandishwa juu ya mawe, tumbo wazi, halina giaboksi.

Tumefundishwa kwamba kushuku ni dhambi, nami naungama mbele yenu, nashuku mno, hata muuza maziwa namshuku. Lakini Kinyonga naye alishuku, na wala simlaumu.

Akawaza polepole, kama anavyotembea. Sensa imekaa ubavuni mwa giaboksi. Kazi yake ni kuhesabu mizunguko ya magurudumu na kupeleka habari kwa kompyuta ya gari. Habari inapita ndani ya waya. Kompyuta ikipata habari, inainua mshale, inabadili gia. Isipopata, inakaa kama mlinzi asiyeambiwa lolote: mlango haufungui. Sasa mashine imesema habari ya sensa haifiki. Je, imesema nani kaizuia njiani? Haikusema.

Akajigeuza rangi ya msiba.

"Fundi," akasema kwa sauti ya kulia, "giaboksi hii imenibeba vizuri. Niruhusu niiage."

"Iage haraka."

"Kwetu maiti haiagwi imelala kimya. Nyanyua gurudumu moja la mbele, ulizungushe kwa mkono, nami niage."

Kiboko akaona huyu mjinga, akimkatalia ataleta kelele. Akatia jeki, gurudumu likaning'inia. Kinyonga akaiweka gia huru, akafungulia swichi bila kuwasha injini, akatoa kwapani mita yake ya umeme, akaingia chini ya boneti mpaka kwenye sensa. Pale pana nyaya tatu. Akagusa wa kwanza, unaoleta moto wa umeme: moto upo. Akagusa wa pili, unaorudisha moto bodini: mzima. Akagusa wa tatu, wa habari.

"Zungusha, fundi."

Ng'wii, ng'wii.

Jicho moja kwa fundi, jicho moja kwa mita. Sindano ya mita ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka. Kumbe sensa inasema!

Akatoka, akaingia chini ya dashibodi, waya ule ule unakofikia kwenye kompyuta.

"We! Unafanya nini huko ndani?" Kiboko akaanza kushuku na yeye.

"Naiaga upande wa kichwani."

"Giaboksi ina kichwa?"

"Maiti gani haina kichwa, fundi? Zungusha."

Ng'wii, ng'wii.

Jicho moja kwa fundi, jicho moja kwa mita. Sindano kimya. Haipandi, haitikisiki. Kumbe sensa inasema, kompyuta haisikii! Habari inapotelea njiani.

"Sasa naiaga upande wa kifuani," Kinyonga akasema. Akazima swichi, akaupanda ule waya wa habari. Mtu mwingine angeufuata kwa kidole. Yeye alitembea juu yake kama anavyotembea kwenye kijiti. Hatua moja, anafikiri. Hatua ya pili, anatazama. Waya una vumbi la miaka, vumbi, vumbi, vumbi… halafu utepe mweusi, mpya, unang'aa. Akaubandua. Waya umekatwa, tena kwa kisu kikali, na kila ncha imevishwa utepe wake zisigusane.

Nani alikata? Sisemi. Sikuwepo, na kumsingizia mtu ni dhambi kubwa. Nasema tu kwamba utepe kama ule ulikuwa umening'inia kwenye msumari wa gereji.

Kinyonga akazikwangua zile ncha, akazisokota pamoja, akazifunga utepe. Akarudi, akafungulia swichi.

"Zungusha, fundi, mara ya mwisho."

"Nimechoka!" Kiboko anahema, jasho chirichiri.

"Zungusha kwa ajili ya marehemu."

Ng'wii, ng'wii. Mshale wa spidi ukatetemeka, ukanyanyuka kutoka sifuri.

"Umemaliza?" Kiboko akauliza.

"Nimemaliza, Mungu akubariki. Sasa shusha jeki, nikusogezee gari juu ya lile shimo lako la kazi, uiteremshe hiyo maiti kwa heshima."

Kiboko akafurahi, maana kazi imerahisishwa. Akashusha jeki. Kinyonga akawasha injini. Brrrm! Gari likasogea, likafika kwenye shimo, likalikwepa, likaelekea getini.

"Shimo liko huku!"

"Naliona!"

"Mbona unapita?"

"Marehemu amezinduka, fundi! Nampeleka kwao!"

Kiboko akatimua mbio. Puu! Puu! Puu! Kwa hasira akalisahau shimo lake mwenyewe. Gubu! Akazama kwenye oili chafu ya mwaka mzima.

Gari likapanda Kilima cha Mikakaya. Gia ya kwanza, kap! Gia ya pili, kap! Mshale kumi, ishirini, thelathini. Thelathini ilimtia Kinyonga kizunguzungu, lakini hakupunguza. Akafika mikeka ndiyo kwanza inatandikwa.

Dada yake mkubwa akamwona, akashika kiuno.

"Kinyonga! Umetoka kwako lini?"

"Leo, dada."

"Leo ya mwaka gani?"

Kinyonga akaenda kukaa karibu na kaburi, akainua mikono pamoja na wenzake, na wote wakaitikia amina.

— Yameniishia mdomoni.

— Yametuingia masikioni!

— Na funzo lake?

— Tupe!

Funzo lake ni hili, lishikeni. Usimshuku fundi wako hata kidogo. Usipime waya, usichungulie nyuma ya gereji, na akikwambia giaboksi imekufa, mwachie na injini. Bwana Kiboko alikuwa mja mwema, alitaka tu kumpunguzia mwenzake mzigo, ona alivyolipwa. Hivyo ndivyo ninavyoamini mimi kwa moyo safi, na nimelisema kwa sauti kusudi, maana gari langu liko gereji tangu Jumatatu, na fundi mwenyewe ndiye huyo amekaa kwenye mkeka wa nyuma.