Sufuria ya Watu Wanane

Mkono wa binadamu una urefu wake, na mgongo una mahali ambapo mkono huo haufiki, hata mwenyewe akinung'unika kutwa kucha. Ndiyo maana ya kusema kwamba mtu hujikuna ajipatapo: afanye mambo kwa kadiri ya uwezo alio nao leo, si kwa kadiri ya uwezo aliokuwa nao jana wala anaoutamani kesho. Methali hii haina ugumu wowote. Mume na mke wa kisa hiki waliifahamu vizuri, na waliwafundisha watoto wao wote sita. Lakini kufahamu methali hakujazi kabati la jikoni.

Mume alikuwa fundi wa breki. Watu walimwita Spana kwa sababu hakutoka nyumbani bila spana moja mfukoni, hata alipokwenda mazishini. Mkewe alikuwa mshonaji, na majirani walimwita Mama Sita kutokana na idadi ya wanawe. Alishonea barazani, kwenye cherehani nyeusi ya miguu iliyoshona sare za shule za watoto wote hao, na kila sare ilikuwa na pindo refu la kufumuliwa mtoto akirefuka.

Watoto walikuwa wakubwa sasa. Walitoka mmoja mmoja, huyu kuolewa, yule kutafuta kazi, hadi akabaki kitinda mimba, naye mwezi mmoja uliopita akapangiwa kufundisha shule ya mbali. Nyumba ya watu wanane ikabaki na wawili. Na kwa kuwa siku ya kufa nyani miti yote huteleza, mwezi huohuo gereji ikapunguza kazi. Spana akawa anahitajika Jumamosi, Jumatatu na Jumanne tu.

Mshahara ulitolewa Jumamosi adhuhuri. Fungu la chakula liliwekwa kwenye mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati, na mkebe ulitakiwa ufike Jumamosi nyingine. Haukufika. Wiki ya kwanza ulikauka Alhamisi, wiki iliyofuata ukakauka Jumatano. Wakauza redio. Wiki iliyofuata wakauza feni, kisha baiskeli. Kila walipouza kitu walisema ni mara ya mwisho, na kila mmoja alimwona mwenzake hasadiki.

Jambo lililowashangaza ni kwamba walikuwa wawili tu. Zamani walikula wanane na mkebe ukafika, ingawa ulikuwa mnene zaidi. Sasa midomo miwili inakula nini? Spana alijijibu moyoni kwamba mkewe anawatumia watoto pesa kwa siri. Mama Sita naye alijijibu kwamba mumewe hafikishi mshahara wote nyumbani. Hawakuulizana. Walikuwa wamechoka kiasi kwamba hata ugomvi waliuona ni kazi nyingine ya kufanya baada ya kazi.

Ndipo Bi Sindano alipopita. Huyu alikuwa na karakana ya ushonaji mtaa wa pili, yenye wasichana kumi na wawili, na alikuwa ameitolea macho cherehani ile kwa miaka. Siku hiyo alikaa barazani, akalalamika kama kawaida yake kwamba wasichana wake hula chakula cha mchana kwa zamu mbili kwa sababu chombo cha kupikia ni kidogo, kisha akafika alikokuwa anakwenda.

"Mama Sita, nimesikia baiskeli imeondoka. Hii cherehani nayo mkiamua kuiuza, msimpe mtu kabla yangu. Ijumaa ijayo asubuhi nitapita na mkokoteni. Mkinipa nitachukua, mkininyima nitasalimia niende zangu."

Spana ndiye aliyejibu, macho yakiwa chini. "Njoo," alisema. "Ijumaa tutajua kama mkebe umetufikisha au haukutufikisha."

Bi Sindano alipoondoka, mke alimtazama mumewe kwa muda. Hiyo cherehani ilikuwa mkono wake wa kulia. Ikiondoka, hata ile senti ya kupunguza suruali na kubadilisha zipu itaondoka nayo, na wiki itakayofuata hakutakuwa na kitu cha kuuza wala cha kushonea. Wote wawili waliliona hilo.

"Jumamosi hii sokoni nitakwenda mimi," Spana alisema.

"Nenda," mkewe alimjibu. "Labda soko litakuogopa."

Spana alikwenda na kikapu, na kiburi kidogo. Alijua bei za vipuri vyote vya breki, akaamini kwamba nyanya hazimshindi. Akakuta tenga zima linauzwa kwa bei ambayo, ukiigawa, kila nyanya inakuwa karibu bure. Akapiga hesabu mara mbili.

"Mko wangapi nyumbani, kaka?" muuzaji alimuuliza.

"Wawili."

"Na tenga zima ni la nini?"

"Bei yake nzuri, dada yangu."

"Bei ni nzuri kweli," muuzaji alisema, akimtazama kwa huruma ya kibiashara. "Haya, nikutwishe?"

Aliporudi, nusu ya pesa za wiki ilikuwa kichwani pake, nyekundu na nzito. Mama Sita alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Mwenzangu, harusi ni ya nani?"

"Tumeokoa pesa nyingi sana," Spana alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kumwacha mkono.

Basi wakala nyanya. Jumapili nyanya na wali, Jumatatu nyanya na maharage, Jumanne nyanya na viazi na dua. Kufikia Jumatano asubuhi upande wa chini wa tenga ulikuwa umeanza kutoa maji, na mkebe ulikuwa na sarafu za kununua chumvi tu.

Siku ambazo hakuitwa kazini, Spana kwa kawaida alishinda nje ya lango la gereji akingojea kibarua cha bahati. Jumatano hiyo mgongo ulimkatalia. Alibaki nyumbani, amelala chali kwenye kitanda cha mmoja wa watoto, na kwa mara ya kwanza tangu aoe akasikiliza jinsi jiko linavyoendeshwa. Alisikia mfuniko mzito, kijiko kikikwangua, hatua za mkewe kwenda nyuma ya nyumba. Hatua hizo zilikuwa za mtu asiyetaka kusikika. Akainuka, akazifuata.

Mama Sita alikuwa ameinama juu ya shimo la taka na beseni mikononi. Viazi vya jana, maharage ya juzi, wali wa Jumapili, vyote vimechacha. Vilipoingia shimoni alivifunika kwa majivu, haraka haraka, kama mtu anayefukia kitu cha aibu.

"Hicho ni nini, mama?"

Alishtuka. "Makoko tu."

"Makoko ya beseni zima?"

Mama Sita akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma, beseni likiwa mapajani, na machozi yakamtoka bila kelele. Spana aliketi pembeni yake polepole, kwa sababu ya mgongo.

"Nilidhani unawatumia watoto," alisema.

"Mimi nilidhani hufikishi mshahara."

Ilikuwa aibu kwa pande zote mbili, lakini pia ilikuwa nafuu.

"Ni mkono huu," Mama Sita alisema, akiutazama kama si wake. "Nikiutia kwenye mchele, unapima wa watu wanane kabla sijafikiri. Asubuhi nasema leo nitapunguza. Jioni nikifunua, sufuria imejaa. Nampa jirani, anasema ameshapika. Naweka hadi kesho, kinachacha. Nakuficha kwa sababu naona haya."

"Si ungetumia sufuria ndogo?"

"Ndogo ni ile ya kuchemshia maziwa ya watoto wachanga." Alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Siiwezi, baba watoto. Nikiiweka ile jikoni, nitakuwa nimekubali kwamba wamekwenda. Hiyo kubwa ikiwa motoni, najiona kama bado wako njiani wanarudi kutoka shule."

Spana mwenyewe alikuwa akijilaza jioni kwenye vitanda vyao kwa zamu, leo cha huyu, kesho cha yule, na hakuwahi kumwambia mtu. Alimshika mkewe mkono, akamwongoza hadi kwenye tenga, akafunua. Harufu iliwapokea wote wawili.

"Tazama. Mimi nami nimenunua nyanya za watu wanane. Wewe una kosa la jikoni, mimi nina kosa la sokoni. Nusu nitazitupa leo kwenye shimo lako hilohilo."

Mama Sita alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Wakazichambua. Nzima wakaziweka kando, zilizopondeka wakazipika rojo, zilizooza zikaenda shimoni, na safari hii hakuna aliyekuja na majivu ya kufichia.

Kisha Spana akafungua kabati. Mchele ulikuwa kidogo kwenye mfuko, maharage kidogo kuliko mchele, mafuta yalikuwa ya kuonja. Akaokota kopo tupu ambalo zamani liliwekewa vifungo, akalisuuza.

"Gereji hatumimini mafuta kwa macho," alisema. "Tungekuwa tunafanya hivyo, magari yote ya mji yangekuwa yamekwisha kufa. Tunapima. Hili kopo likijaa mara moja ni mlo wetu wa siku. Likijaa mara mbili, tunamlisha nani?"

"Shimo," Mama Sita alisema.

Jioni hiyo sufuria ya maziwa ilitolewa nyuma ya kabati. Ilikuwa na kovu la kuungua, la usiku ambao mtoto wa tatu alikuwa na homa na maziwa yakasahauliwa. Mama Sita alipima kopo moja, akamimina. Mkono ukarudi mfukoni wenyewe, ukachota la pili, ukaenda hadi ukingoni mwa sufuria. Spana aliona, akaendelea kupepea jiko. Mkono ule ulisimama hapo kitambo, kisha ukarudisha mchele mfukoni. Walikula wakamaliza, na usiku huo shimo halikupata kitu.

Alhamisi wakafanya vilevile. Mchele ukatosha kubaki wa Ijumaa na Jumamosi asubuhi. Lakini hesabu ya mtu na hesabu ya jiko si moja. Ijumaa kulipopambazuka, Mama Sita alitia mkono kwenye gunia la mkaa akatoka na vumbi. Mafuta nayo yalikuwa yamekwisha. Mkebe ulikuwa mtupu, na mchele haupiki kwa jua.

"Tumekosa padogo," alisema.

"Padogo," Spana aliitikia, na kila mmoja akatazama upande wake, maana mkokoteni ulikuwa umeanza kusikika barabarani.

Bi Sindano aliingia na msukuma mkokoteni na salamu zake. Alipapasa meza ya cherehani, akajaribu gurudumu, likazunguka bila kelele. Spana alikuwa amejiegemeza ukutani. Alikuwa ametoa neno lake mwenyewe wiki iliyopita, na sasa hakuweza kulirudisha.

"Haya, wazazi. Mmefika au hamkufika?"

Mama Sita aliingia ndani. Walisikia vyombo vikigongana, kisha akatoka ameibeba sufuria kubwa kwa mikono miwili, mfuniko wake mzito ukiwa juu. Alikuwa ameisugua Alhamisi bila kumwambia mtu sababu, pengine hata yeye alikuwa haijui. Aliiweka sakafuni mbele ya miguu ya Bi Sindano.

"Wasichana wako kumi na wawili watakula zamu moja," alisema. "Imepika miaka ishirini na tisa na haijatoboka. Chukua hii. Cherehani bado nina kazi nayo."

Bi Sindano aliinama, akaigonga kwa kidole, akasikiliza mlio wake. Alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara hapendi kuonyesha kwamba amefurahi. Alitaja bei. Mama Sita akataja yake. Wakakutana katikati. Haikuwa pesa ya cherehani, wala haikukaribia, lakini ilikuwa mkaa wa mwezi mzima, chupa ya mafuta, na akiba kidogo ya mkebe.

Mkokoteni ulipoondoka, Mama Sita alisimama barazani akiusindikiza kwa macho hadi ulipokata kona. Mumewe akaja akasimama karibu.

"Na wakija likizo wote sita, tutawapikia nini?" alimuuliza, kwa upole.

"Tutaazima," mkewe alisema. "Siku moja kwa mwaka, tutaazima. Siku nyingine zote tuko wawili."

Alikuwa hajawahi kulisema neno hilo, wawili, kwa mdomo wake. Akaketi kwenye cherehani, akavuta suruali ya mteja iliyosubiri tangu Jumatatu, akaanza kukanyaga. Spana alikwenda dukani kununua mkaa, akarudi, akauwasha mwenyewe, akapima kopo moja la mchele na kulisawazisha juu kwa kidole kama fundi anayepima mafuta. Walipomaliza kula, alikwangua sufuria ya maziwa hadi kwenye lile kovu, akainua macho kutaka nyongeza.

"Imekwisha," mkewe alimwambia.

"Basi nimeshiba," alisema. Haikuwa kweli kabisa, na wote wawili walijua, lakini Jumamosi ilikuwa kesho, mkebe ulikuwa na kitu ndani, na cherehani ilikuwa barazani mahali pake. Mtu hujikuna ajipatapo.