Masale ya Bi Nakijwa

Huko milimani alikuwako tajiri mmoja, Bwana Kiondo, ambaye tangu aote meno hakuwahi kumwacha mtu amalize kusema. Siku moja akalitamani shamba la migomba la jirani yake, mjane Bi Nakijwa. Kati yao palikuwa na mstari wa masale, mmea ambao kwao hupandwa mpakani tu. Kiondo akadai masale yale yaliota yenyewe kama magugu, na kwamba mpaka wa kweli uko chini kijitoni, migomba yote ikiwa kwake.

Wazee wakaketi, mjane akaambiwa ajitetee.

"Mwenyekiti, mimi shahidi sina."

"Si nilisema?" akadakia Kiondo. "Hana."

"Ila marehemu baba yake nilimjua."

"Ulimjua vipi wewe?"

"Nilimjua kwa uvivu. Jembe aliliogopa kama nyoka. Wapo wanaosema masale yale aliyapanda yeye, lakini wazee wangu, mtu mvivu vile..."

"Mvivu mwenyewe," Kiondo akasimama, mishipa ya shingo imemtoka. "Aliyapanda kwa mikono yake, yote, toka juu hadi chini, na maji nilimchotea mimi."

Mwenyekiti akamgeukia mjane.

"Malizia, mama," akasema mwenyekiti.

"Nimalizie nini tena? Bwana Kiondo kanimalizia." Akakaza kanga yake kiunoni, akamtazama tajiri aliyebaki mdomo wazi. "Sema, baba. Mimi nasikiliza."